SAFARI YA WANACHAMA: KWA NINI TUSIENDE SIMBO?

Kila mwaka, karafuu za mwisho zikishaondolewa majamvini na makonyo yakishapimwa, huja swali lile lile mbele ya Kamati: safari ya wanachama iende wapi? Barua zilizotufikia safari hii zimetaja Ngorongoro, zimetaja Serengeti, na wawili watatu wenye mifuko mizito wametaja Dubai. Sisi tunaoandika ukurasa huu tulitaja Simbo, na tangu siku ile twachekwa. Mwenzetu mmoja wa Wete aliuliza kama Simbo ni mahali, au ni Simba iliyokosewa na mpiga chapa.

Simbo ni mahali. Ni kata katika Wilaya ya Kigoma, upande wa mashariki wa Ujiji, katika nchi ya mto Luiche, na ndipo inapoanzia barabara ya kwenda Ilagala na Kalya, kusini kwa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hapana tembo wa kupigwa picha, wala lango la kulipia. Kuna michikichi, vilima, njia nyekundu na watu wanaolima. Atakayekwenda aangalie jambo moja: Simbo nyingine iko Wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora, na dereva asiyeelezwa vizuri aweza kuwashusha huko na kudai nauli yake yote.

Mwaka uliopita wanne kati yetu tulikwenda kwa fedha zetu wenyewe. Hatukutumia hata senti ya Chama, twalisema hili mapema ili maneno yasianze. Tulichokiona ndicho kinachotufanya tuombe kwamba safari ya mwaka huu iende huko, tena kwa barabara.

Kwa nini kwa barabara? Ndege ipo, na treni ipo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na reli mpya ya umeme inafika Dodoma tangu 2024. Mwenye haraka na apande. Lakini tunachotaka kukiona si Kigoma peke yake, ni njia yenyewe. Njia hiyo ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikapanda Kilimatinde, ikafika Unyanyembe karibu na Tabora, ikaishia Ujiji ziwani. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka njia hii UNESCO katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na ikaandikwa kwa jina lake la kweli: njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Mwenye kwenda kwa ndege huiruka yote kwa saa chache, na akishuka hana alichokijua.

Sisi tulivuka hadi Dar es Salaam, tukapanda kwanza hadi Bagamoyo tukalala, ili tuanze pale walipoanzia wengine. Asubuhi tukashika njia ya Msata, kisha Chalinze, Morogoro na Dodoma. Kutoka Dodoma tulifika Manyoni na Itigi, tukapita msitu mrefu hadi Tabora. Halafu Urambo, Kaliua, Daraja la Kikwete juu ya mto Malagarasi, na Uvinza. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Zamani barabara hii ilikuwa ni adhabu wakati wa mvua, lakini sehemu kubwa sasa ina lami, na gari dogo lenye afya linapita. Ilituchukua siku nne kwa sababu tulikuwa tukisimama kila mahali. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871 akaingia Ujiji Novemba mwaka ule ule: miezi minane, pamoja na vita vya Mirambo vilivyomzibia njia na kumlazimisha azunguke kusini. Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakaliona ziwa Februari 1858. Hawa walikuwa wakubwa wa misafara, wenye mahema na punda. Waliobeba mizigo yao hawakuwa na punda.

Vituo vya njiani vyastahili safari peke yavyo, nasi twavitaja kwa ufupi. Kilimatinde ni ukingo wa Bonde la Ufa, kusini kidogo ya Manyoni. Simama hapo jioni utazame nyanda za chini, utaelewa kwa nini wapagazi waliogopa kupanda. Kwihara, karibu na Tabora, ipo nyumba ya tembe aliyokaa Livingstone. Urambo lina jina la Mirambo, mtemi aliyewatikisa wafanyabiashara wa pwani mpaka alipofariki mwaka 1884. Watoto wetu skuli humsoma kwa mistari miwili tu. Uvinza kuna chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 wataalamu walichimba hapo wakakuta kwamba watu walikuwa wakipika chumvi tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kabla hajafika huko mfanyabiashara yeyote wa pwani. Mahali pamoja pa kumbukumbu, ambapo hatutapataja, tulikuta mlango umefungwa na mwenye funguo amekwenda mazishini. Tulikaa chini ya mwembe saa mbili, tukala maembe ya watu, tukaondoka bila ya kuona ndani. Haya hutokea, na anayesafiri kwenda mahali pasipokwenda watu wengi ayatarajie.

Kuhusu miembe: katika sehemu nyingi za njia ile, na zaidi Tabora na Ujiji, mtu huiona miembe mikubwa ya zamani. Wazee husimulia kwamba iliota kutokana na kokwa za maembe waliyokula watu wa misafara. Sisi ni watu wa miti, twajua kwamba mti hauoti mahali bila ya mtu kupita au kupanda, kwa hiyo hatukuona sababu ya kuwabishia.

Sasa tuje Ujiji yenyewe, maana hapa ndipo neno letu lilipo.

Ujiji iko yapata kilomita 8 kutoka mjini Kigoma. Mgeni kutoka kwetu akiingia hajioni mgeni. Atasikia adhana, ataona kanzu na kofia, vibaraza, mabaibui, na Kiswahili ambacho hakimtoi jasho. Tarika ya Kadiria ina mizizi huko kama ilivyo kwetu. Lugha yetu na mapishi yetu yalifika Ujiji kwa miguu, na kutoka hapo vikavuka ziwa vikaingia Kongo, ndiyo maana leo mtu wa Kasongo na mtu wa Chake Chake wanaelewana. Haya yote ni mazuri, na wanaokwenda huko huyasifu. Lakini yalipita katika njia ile ile na minyororo.

Pana jengo la makumbusho na mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika, mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Mwembe wenyewe ulikufa zamani. Miembe iliyopo ni wazao wake. Ziwa nalo limejitenga. Wakati ule maji yalikuwa juu kwa sababu mlango wa Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umezibika. Ulipofunguka miaka ya 1870 ilipokuwa ikiisha, ziwa likashuka, na bandari ya zamani ikabaki nchi kavu. Miaka ya karibuni maji yamepanda tena, na nyumba za ukingoni zimeonja.

Tulitazama sanamu za wazungu wawili wakiamkiana, tukasoma, tukatoka nje. Mwenzetu mmoja, ambaye si msemaji sana, akauliza: “Na wetu je?” Hatukuwa na la kumjibu.

Livingstone alikuwa Ujiji wakati ule kwa sababu alikuwa amerudi kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, aliwaona wafanyabiashara waliotoka pwani wakiwapiga risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, na wengine wakazama mtoni Lualaba. Aliyaandika aliyoyaona. Stanley alipoondoka kurudi pwani alichukua barua na madaftari yake. Maandishi yale yalipofika Uingereza yaliwatia watu ghadhabu, na shinikizo likaongezeka mpaka tarehe 5 Juni 1873, siku Sayyid Barghash alipotia saini mkataba na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Kwa hiyo jambo lililoonekana Manyema na kusimuliwa Ujiji ndilo lililosaidia kufunga soko la Mkunazini. Nani kati yetu alifundishwa hivyo? Sisi tulifundishwa salamu ya wazungu wawili chini ya mwembe.

Na karafuu? Hapa tunaomba msomaji asitupe gazeti. Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilipona kwa kiasi kikubwa. Bei ikapanda, na watu wakakimbilia Pemba kupanda mikarafuu mipya, na kuanzia hapo kisiwa chetu kikawa ndicho kikubwa cha karafuu. Mashamba yale mapya yalihitaji mikono. Mwaka mmoja baadaye soko likafungwa, lakini mahitaji hayakufungwa. Watu waliendelea kuletwa kwa siri, kwa majahazi, usiku, wakashushwa katika vijito vyetu hivi hivi ambavyo leo tunavulia pweza. Kila mwanachama anayemiliki mkarafuu mkongwe anamiliki kazi ya mtu ambaye hakulipwa.

Tuseme kweli tupu, tusije tukaongeza chumvi. Wengi wa walioletwa visiwani walitoka kusini, nchi za Ziwa Nyasa, wakapitia Kilwa. Waliovushwa Ziwa Tanganyika kutoka Manyema, wengi wao walibakishwa Ujiji na Tabora, hawakufika pwani. Na si kila Mmanyema aliyefika Unguja alifungwa. Wengine walikuja wapagazi, wengine askari, wengine wafanyabiashara wadogo. Lakini waliofika kwa minyororo walikuwepo, na wajukuu zao wapo, nao ni wanachama wa Chama hiki.

Tunamjua mmoja. Ni mama mchumaji wa tawi letu, mtu mzima sana sasa, ambaye hatutamtaja. Bibi wa bibi yake aliitwa Mmanyema, na ukoo umebaki na neno moja tu: Ujiji. Hawajui kijiji, wala ukoo, hata jina lake alilopewa na mama yake hawalijui, maana alilokuwa nalo hapa alipewa na bwana wake. Mama huyu alisimulia kwamba nyuma ya nyumba yao palikuwa na mchikichi, na kwamba bibi zao walipika kwa mawese na kusema, “Hivi ndivyo kwetu.” Aliposikia tunakwenda alituletea karafuu, kibaba kimoja, zile za kuchaguliwa, akasema: “Wapeni watu wa huko. Mkiulizwa zimetoka kwa nani, semeni kwa mtoto wao.”

Hiyo ndiyo sababu hatukuishia Ujiji mjini. Misafara iliyotoka na kuingia kwa upande wa Uvinza ilipita nchi ya Ukaranga na kuvuka Luiche. Tulitaka kuona nchi ile, vijiji vya kando ambavyo havina mnara. Tuliuliza, tukaelekezwa Simbo.

Msiombe tuwaeleze uzuri wake kwa maneno makubwa. Kuna mabonde yenye michikichi iliyosimama bila ya mistari, kama mikarafuu yetu ya zamani kabla mabwana shamba hawajatufundisha kupima futi. Asubuhi kuna ukungu bondeni. Jioni, ukirudi ukingoni mwa ziwa, waiona milima ya Kongo ng'ambo, na jua linatua nyuma yake. Usiku wa giza, taa za wavuvi wa dagaa hujaa majini mpaka mtu adhani pana mji. Kwa mtu aliyezoea kuona jua likichomoza baharini na kutua nyuma ya minazi, ni jambo la kustaajabisha kuliona linazama majini na nchi nyingine ikiwa nyuma yake.

Lakini tulilokwenda kuliona hasa ni shamba, kwa sababu mkulima akienda ugenini haoni jingine. Mzee mmoja alitukaribisha kwake. Tulimwamkia, akatuuliza tulikotoka, akatuita wanawe ingawa wawili wetu wana mvi kama zake. Alitupitisha michikichini. Mchumaji hupanda kwa kamba inayomzunguka yeye na shina, hukata mkungu kwa panga, mkungu ukaanguka kwa kishindo. Chikichi hutolewa, huchemshwa, hupondwa, mafuta mekundu yakapanda juu yakaenguliwa. Kokwa hazitupwi, huvunjwa ndani yake mkatoka mise, nayo ina mafuta yake ya kutengenezea sabuni. Kazi kubwa, kama kwetu, ni ya wanawake na watoto baada ya mwanamume kushuka mtini na kujisifu.

Alituonyesha michikichi ya asili, ambayo kokwa yake ina gamba nene na nyama chache, na miche mipya ya aina ya Tenera, yenye gamba jembamba na mafuta mengi zaidi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Kihinga, huko huko Kigoma, kimepewa kazi ya kuzalisha mbegu hizo, na tangu mwaka 2018 Serikali imelivalia njuga zao hili ili nchi ipunguze kununua mafuta ya kula nje. Mzee hakuwa na haraka ya kung'oa ya zamani. Alisema ya zamani anaijua, hii mpya bado inajieleza. Wakulima wenzetu mtacheka, maana ndiyo maneno yetu tunapoletewa miche.

Tulizungumza bei. Tulizungumza wachumaji wanaoanguka. Alitaka kujua jinsi karafuu inavyokauka, tukamweleza habari za kuchambua, kuanika, kuanua mvua inapotisha, na mpeta unavyomharibia mtu daraja. Tukampa kibaba cha karafuu. Alizinusa akasema anazijua kwa chai na pilau, hajawahi kuona nyingi hivi mkononi. Tukamwambia alivyosema mama yetu: zimetoka kwa mtoto wao.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Waliopita hapa kwenda huko kwenu hawakurudi kutuambia. Mlipowazika, mnapajua?”

Wanachama wenzetu, sisi wanne tulitazamana. Mmoja wetu ana shamba lenye mawe mawili yaliyosimama chini ya mkarafuu, karibu na mpaka, na tangu utoto ameambiwa asilime pale. Hajawahi kuuliza ni nani. Baba yake hakuuliza. Tulimwambia mzee ukweli: baadhi twapajua, majina hatuyajui. Akasema: “Basi angalau mmekuja.” Wakatuletea ugali, mboga za majani zilizopikwa kwa mawese, na dagaa wa kukaanga. Tukala, tukaongea mambo mengine.

Tuliporudi tulimletea mama yule chupa ya mawese. Hakusema mengi. Alimwita mjukuu wake akamwambia aweke sufuria motoni.

Hii ndiyo hoja yetu. Sasa tujibu yaliyosemwa dhidi yake.

Lililosemwa kwa sauti ni gharama. Ni kweli, ni mbali. Lakini gharama ya kiingilio na nyumba za wageni katika mbuga maarufu si ndogo, na wanachama wengi wanaosema Ngorongoro hawajauliza bei. Huku gari moja la abiria ishirini na watano, tukilala vituoni, tukichukua chakula cha njiani wenyewe, laweza kukodiwa kwa siku kumi bila ya kukausha mfuko wa safari. Mweka Hazina amepewa hesabu zetu na anazo. Asiyeziamini na amwombe azisome mkutanoni.

Lililosemwa kwa sauti ya chini ni zito zaidi. Mwanachama mmoja mzee, ambaye tunamheshimu, alituita pembeni akatuambia: “Msichokonoe. Katika jamvi moja wanakaa wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa. Wamekwisha kuoana. Mkienda Ujiji mkirudi mtaanza kuulizana.”

Neno hili lina uzito wake na hatulipuuzi. Sote twajua kisiwa hiki kilivyoumia kwa watu kuulizana asili zao. Utumwa uliondolewa kwa sheria mwaka 1897, na waliolipwa fidia walikuwa ni wenye watumwa, si watumwa. Masuria walisubiri hadi 1909. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa, ekari tatu tatu, na wengi wetu twalima ekari hizo. Hesabu imefungwa mara nyingi, kila mara na mtu aliyeona imefungwa vibaya. Hatutaki kuifungua tena, wala hatumwiti mtu mahakamani.

Lakini tukubaliane kwamba kunyamaza nako kuna mwenye kukulipia. Mwenzetu ambaye babu zake walitoka Omani anajua jina la mji wao, anajua kabila, wengine wamekwenda na kurudi, wanapokewa kwa kahawa na halua. Ni haki yao, na tunawafurahia. Mama yule mchumaji ana neno moja. Kama kunyamaza ndiko kunakotuweka pamoja, basi ni yeye peke yake anayenyamazishwa, maana wengine wote wana la kusema. Na aliyetuonya atusamehe tukisema kwamba hakuna aliyerudi Ujiji na kisasi katika sisi wanne, na mmoja wetu ni mjukuu wa waliomiliki. Yeye ndiye aliyeuliza, “Na wetu je?”

Tena hatuendi kama watalii wa huzuni, wa kulia mbele ya jiwe kisha kununua vikapu. Tunaenda kama wakulima kwa wakulima. Watu wa Simbo wana zao la mti, lenye mnunuzi asiyetosheka na mchumaji asiyetosha, kama sisi. Tuna la kujifunza kwao, hasa jinsi wasivyotupa kitu: sisi makonyo tu ndiyo tunayouza, majani tunayaacha chini na hali yana mafuta. Hata kama mtu hana hamu ya habari za kale, hilo peke yake lalipa nauli.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Safari iwe baada ya masika na kabla ya uchumaji kuanza, yaani Mei ikiisha au Juni, njia zikiwa zimekauka. Atakayekwenda wakati huo asishangae akikosa migebuka mibichi: mwaka 2024 nchi za ziwa zilikubaliana kusimamisha uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na jambo hilo likirudiwa tutakula dagaa wa akiba. Tuanze Bagamoyo, tulale Dodoma na Tabora, tukae Ujiji siku tatu, na moja kati ya hizo iwe ya Simbo, bila ya hotuba. Mama mchumaji awe mgeni wa Chama, nauli yake itoke katika mfuko wa safari. Umri wake ni mkubwa lakini daktari ameulizwa, na yeye mwenyewe amekwisha kununua viatu.

Na kabla ya kuondoka, kila tawi lifanye kazi moja isiyogharimu kitu. Mwenye shamba lenye kaburi lisilo jina, aandike lilipo. Mwenye mzee anayekumbuka jina lolote, hata nusu ya jina, au la nchi au la mto, aliandike kama linavyotamkwa, asilisahihishe. Tutayachukua madaftari hayo. Huenda huko wakalijua jina moja.

Majina ya wanaotaka kwenda yapelekwe kwa makatibu wa matawi ya Mkoani, Chake Chake na Wete kabla ya mkutano mkuu, pamoja na robo ya nauli. Nafasi ni ishirini na tano. Wanawake wachumaji wasio na hisa nao waandikwe. Kamati imelikubali hilo jana usiku, kwa kura moja zaidi. Kila anayekwenda achukue kibaba cha karafuu safi, si mpeta.